Mkono wa Lagi

Baba Lagi,

Magimbi yameiva, yako sufuriani. Tui la nazi usilitafute, nimewapa nguruwe.

Asubuhi nesi alinipigia kukupongeza, eti presha yako ni kama ya msichana wa miaka kumi na tisa. Kumbe kweli! Binti yako Lagi amekiri kila siku unamfunga yeye kile kipimo cha presha mkononi, kisha programu ya simu inapeleka namba zake kwa jina lako. Mzee mzima, huna haya? Baba yako kiharusi kilimwangusha kanisani katikati ya wimbo, nawe unaleta mchezo!

~~Nakwenda kwa mama, sirudi.~~ Nakwenda kumwambia nesi ukweli. Tutakuja naye saa nne. Lagi nimeondoka naye, kwa hiyo leo utatoa mkono wako mwenyewe.

Mama Lagi