Nilikufundisha Kusimama Nyuma ya Kiti

Mwanangu Venasi,

Dada yako Faida amepokelewa katika shule ya masista. Ataondoka mvua zikianza. Sanduku lake liko kwa fundi seremala kule Wamaza, mama yako anakaanga karanga tangu juzi hata nyumba nzima inanukia, na blanketi limefuliwa likafuliwa tena, utadhani masista watalinusa. Jana mama yako alinigeukia akasema, "Baba Venasi, mutoto iko anaenda. Hutamufundisha kitu?" Nikajifanya natafuta kofia. Mtu mzima mwenye mvi, natafuta kofia niliyoivaa kichwani.

Nilishindwa kumjibu kwa sababu ya haya. Kwako naona haya zaidi, ndiyo maana barua hii imechelewa. Unajua pia mwandiko wangu: ni herufi za katekisimu, nazo hazipendi haraka.

Unakumbuka siku padri alipokuja kutuambia kwamba umechaguliwa kwenda koleji, shule ya mapadri kule Kasongo? Watu wa mtaa wetu hapa Kabambare walikuja kunipa mkono kana kwamba mimi ndiye niliyefaulu. Walisema wewe hutapata taabu kama watoto wengine, kwa kuwa baba yako anajua mambo ya wazungu. Wao walikuwa watu wa shamba la pamba, vidole vimechanika, mgongo haunyooki. Mimi nilikuwa mtu wa kuhudumia meza. Kazi ya boyi katika nyumba ya mzungu wa serikali ilikuwa imeniepusha na pamba na kiboko, ikanipa kaptula nyeupe na kipande cha sabuni kila mwezi. Basi maneno yao yaliniingia. Nilivimba kichwa, mwanangu. Nilipita mtaani nikikohoa bila kuwa na kikohozi, ili watu wageuke wanione.

Nikaamua kukutayarisha. Mama yako alishughulika na nguo na chakula cha njia, nami nikachukua upande wa adabu, kwa sababu niliamini koleji ni nyumba ya wazungu, na nyumba ya wazungu naijua hadi kwenye kabati. Kila mchana, Bwana akilala baada ya chakula, nilikimbia nyumbani. Tuliweka ubao juu ya vikapu viwili vya mpunga, tukapata meza. Faida alikuwa mdogo bado, tukamkalisha kwenye kinu kilichopinduliwa, awe Madamu. Alifunga kitambaa cha mama yake kichwani, akakunja midomo, akaagiza vyakula kwa Kifaransa ambacho hakijawahi kusemwa popote duniani. Tulicheka hadi majirani wakaja kuchungulia.

Wewe nilikuwekea kitambaa cheupe mkononi. Nilikufundisha kwamba chakula huingia kwa upande wa kushoto na sahani hutoka kwa upande wa kulia. Usipumue juu ya bakuli. Usitazame midomo ya watu wanaokula. Maji yamiminwe polepole, na shingo ya jagi isiguse glasi. Ukimaliza, rudi ukutani, simama wima, ungoje ishara ya kidevu changu. Ulishika upesi sana. Mkono wako ulikuwa mtulivu kuliko wangu, na baada ya siku chache ulikuwa ukimimina maji bila kuangusha hata tone moja kwenye ubao.

Mama yako alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, mlangoni. Siku moja aliacha mchi, akakutazama pale ukutani, kisha akaniuliza, "Na yeye mwenyewe, atakula wakati gani?"

"Wazungu wakisha kumaliza," nilimjibu.

Alishika mchi akaendelea kutwanga, nami nilidhani jibu langu limemtosha.

Safari yetu ya Kasongo huwezi kuisahau. Lori lilikwama kwenye matope karibu na Lusangi, tukashuka sote kusukuma, na wewe ulikificha kile kitambaa cheupe ndani ya shati, kwenye ngozi, kisichafuke. Watu walikuwa wamejaa matope hadi kwenye nyusi. Kitambaa kilifika safi. Pale sokoni Kasongo tulinunua wali na samaki, tukala kwa mkono katika sahani moja, kando ya njia. Ulinipa kichwa cha samaki bila kuambiwa. Tulikuwa tumekula pamoja mara chache sana maishani, maana mimi nilikuwa narudi nyumbani mmeshalala.

Jioni ile koleji, wazazi tuliosindikiza watoto tulipewa mahali pa kulala karibu na jiko. Kengele ya chakula ilipolia nikasogea dirishani, nikuone. Watoto waliingia kwa mstari, wakasali, wakakaa kwenye mabenchi. Walikaa wote. Wewe peke yako ulikwenda ukutani. Ulitoa kitambaa, ukakikunja vizuri mkononi, ukasimama mgongo wima. Padri mmoja ambaye hakuwa amekuona mchana akadhani jiko limeleta boyi mpya, akakupa jagi la maji.

Ulilipokea. Kisha ulinitafuta kwa macho, ukaniona dirishani, ukangoja. Nami nikakupa ishara ya kidevu kwamba endelea.

Hilo unalijua, ulilipokea kwa macho yako. Usilolijua ni kwamba wakati ule nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana. Nilikuwa nautazama mkono wako tu, jinsi ulivyoinama kidogo kwenye kila kiti, jinsi maji yalivyoshuka bila sauti, nikajisemea moyoni, mtazameni mwanangu, hata Bwana wangu hajapata kuhudumiwa hivi. Nilitamani watu wa mtaa wetu wangekuwepo. Ulikuwa umefika meza ya pili ndipo nilipoona kwamba kwenye benchi la karibu na mlango kuna nafasi moja tupu, na mbele ya nafasi hiyo kuna sahani ambayo haina mtu. Kicheko kilikuwa kimeanza kule nyuma. Nawe ulikuwa bado unamimina, kwa sababu baba yako alikuwa amekwambia endelea.

Na hata hapo sikuingia. Mlango ulikuwa wazi, zingehitajika hatua chache tu. Miguu ilikataa. Maisha yangu yote mimi huingia katika chumba cha kulia nikiitwa kwa kengele, na hakuna aliyeniita. Mtoto wangu anachekwa mbele ya macho yangu, nami nimesimama nje nangoja ruhusa. Mpaka yule padri mzee aliyetupokea mchana alipoinuka, akakushika bega, akakuondolea jagi mkononi na kukukalisha. Wenzako walikuwa wameshamaliza. Ulipewa maharagwe yaliyobaki chini ya sufuria, ukayala ukiwa umeinamisha kichwa.

Asubuhi nilikuja kukuaga. Mtoto mmoja aliniona uwanjani, akageuka akaita, "Boyi, baba yako iko hapa." Nawe uligeuka. Chakula kimoja tu, na jina lilikuwa limekwisha kukushika. Tukapeana mkono, nikakwambia usome kwa bidii, ukajibu ndiyo, baba. Nilirudi juu ya magunia ya chumvi, na dereva aliponiuliza kama mtoto amefika salama, nikamwambia amefika vizuri sana, wamempenda.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nashukuru kwamba wewe ulikataa kukua nilivyokulea.

Likizo ya kwanza uliporudi, mama yako alikuuliza kama mafundisho ya baba yalikusaidia. Ukamwambia, "Yalinisaidia sana, mama." Hukunitazama. Ukachukua ndoo ukaenda kisimani, na mama yako akaniangalia kwa furaha, akanisifu. Laiti ungenishtaki. Ungesema baba amenitia aibu mbele ya watu, ningekasirika kidogo, tungegombana, yangekwisha. Ulinisitiri. Mtoto wa koleji, sauti bado haijakomaa, ananisitiri mimi baba yake mbele ya mke wangu! Tangu siku ile sijawahi kukuuliza habari za kule bila kuogopa jibu, na ndiyo maana sikuwa nikiuliza. Labda ulidhani sijali masomo yako. Nilijali. Nilikuwa naogopa tu kusikia kwamba bado wanakuita lile jina.

Halafu ikaja siku ya mwisho ulipokuja kwetu, ukiwa tayari mwalimu huko upande wa Kasongo, pamoja na mwalimu mwenzako. Mama yako alichinja kuku, akapika wali mweupe, akatandika kitambaa kipya mezani, meza ya kweli uliyotununulia wewe. Nilikuwa nimejiambia tangu alfajiri kwamba leo nitakaa. Viti vilikuwa vinne. Nikawaletea maji ya kunawa, nikasema nikimaliza hili nitakaa. Nikaleta mchuzi, nikasema nikimaliza hili nitakaa. Nilipozinduka nilikuwa nyuma ya kiti cha mgeni wako, naondoa sahani ya mifupa kwa upande wa kulia, na mgeni amekaza shingo, hajui aangalie wapi.

Ulisimama. Ulinishika mkono ule wenye sahani, ukasema polepole, "Baba, kaa. Tukule pamoja."

"Nitakula kisha," nilikwambia.

Neno lilinitoka lenyewe. Ulirudi kwenye kiti chako, lakini hukugusa tena chakula. Mwenzako alikula peke yake akimsifu mama yako kwa kuku, maskini, alijitahidi. Mliondoka jua likiwa bado juu. Tangu siku hiyo likizo mbili zimepita, na barua zako zinasema kazi ni nyingi. Najua kazi ya mwalimu ni nyingi. Najua pia kwamba mtu mwenye kazi nyingi huenda kwao akipenda.

Kuna jambo sitaki ulielewe vibaya. Siionei aibu kazi yangu. Ndiyo iliyokulisha, ndiyo iliyomzuia mama yako asilale kwenye shamba la pamba akiwa na mimba ya Faida, na sufuria zangu ni safi kuliko mioyo ya wengi. Aibu yangu ni kwamba wewe uliitwa kukaa mezani, na mimi, nilipofikiri jinsi ya kukutayarisha, mawazo yangu yalifika ukutani yakakoma. Sikuwahi kuota kwamba mwanangu anaweza kuwekewa sahani. Wengine walikuwekea, padri mzee yule ambaye hakukuzaa alijua kwamba unatakiwa kukaa, na mimi niliyekuzaa sikujua.

Basi mama yako anaponiambia nimfundishe Faida, nimwambie nini? Najua upande wa kushoto na upande wa kulia. Hayo asiyajue kwangu. Njoo umfundishe wewe. Mwonyeshe jinsi ya kuingia mahali pa wageni akatafuta kiti chake. Mfundishe kuomba chakula kikimpita, bila kulia na bila kujipendekeza. Na wakimwita kwa jina lisilo lake, mwambie wewe ulifanyaje mpaka wakaacha, maana ulifanya kitu, nilisikia kwa wenzako kwamba mwaka wa mwisho walikuwa wakikuita Venasi tena. Mimi sijui ulichofanya. Jina hilo mimi huitwa tangu ujana, na kila siku huwa naitika.

Mama yako amepanga Jumapili ya mwisho kabla ya safari. Anataka tule wote wanne, mchana, mlango wazi. Nilimwendea Bwana leo asubuhi kuomba ruhusa ya siku hiyo. Kwa bahati mbaya ana wageni Jumapili ile, mzungu wa pamba na mke wake. Akaniuliza ni nani basi atakayehudumia meza.

Nikasema, "Sijui, Bwana."

Alinitazama akingoja niendelee, nitaje mtu, niombe radhi. Sikuendelea. Akaingia ndani bila kusema ndiyo wala hapana, na mpaka sasa ninapoandika hajanipa ruhusa.

Wewe njoo tu. Jumapili hiyo nitakuwa nyumbani.

Mama yako na Faida wanakusalimu. Barabara ikishindikana kwa lori, azima baiskeli, na Mungu akusimamie kwenye mito.

Ni mimi,
baba yako.