Baba Amenishtaki kwa Kumsemea

Mshauri wetu mpendwa,

Nimesoma ukurasa huu kwa miaka mingi na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakuwa upande wa wanaoomba msaada, kwa sababu mimi kwa kazi yangu ndiye ninayeombwa, lakini yamenifika shingoni na sina wa kumwambia, maana wote ambao ningewaambia nafanya nao kazi ofisi moja.

Mimi ni ofisa wa haki za wagonjwa katika hospitali kubwa. Dawati langu liko kando ya dirisha la dawa, chini ya bango nililolibuni mwenyewe linalosema MGONJWA ASIKILIZWE, na kwa miaka sita nimewapigania wagonjwa, wazee na watu wenye ulemavu hadi sauti ikanikauka, njia ya viti vya magurudumu kwenye mlango wa mbele ni kelele zangu, vyuma vya kushikia chooni ni kelele zangu, na mwaka huu jina langu limependekezwa kwa tuzo ya Sauti ya Wasio na Sauti, jambo ambalo naomba uelewe si dogo, fulana zimeshachapishwa.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Baba yangu ni fundi saa mstaafu, ana miaka sabini na minne, na miaka mitatu iliyopita alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalala, mguu ukawa unaburuta, na maneno yakawa mazito. Akili yake ni nzima kabisa, ila neno linamchukua muda kutoka, anaanza na herufi mbili tatu, anasimama, analitafuta, anaanza upya, na wewe umekaa pale unamtazama huku chai inapoa. Mimi ndiye ninayemuuguza. Kaka yangu yuko mbali, na mchango wake ni kutuma ujumbe wa sauti kuhusu faida za mboga za majani. Mimi ndiye ninayemwogesha, ninayemvalisha, ninayempangia vidonge vyake, na kwa kuwa nampenda na pia kwa kuwa siku zote nina haraka, nikaanza kumsaidia kumalizia maneno. Mshauri, nilidhani ni wema.

Tulikwenda kliniki. Daktari akamuuliza, "Mzee, unajisikiaje siku hizi?"

Baba akavuta pumzi. "Ki... ki..."

"Kiungulia!" nikasema.

Baba akatikisa kichwa kwa nguvu.

"Na kichwa pia kinamsumbua," nikaongeza.

Daktari alikuwa na watu arobaini wakimsubiri nje, akashukuru sana kwa maelezo mazuri, akaandika dawa ya kiungulia na ya kichwa, tukatoka ndani ya dakika nne, nami nikajisifu moyoni kwamba laiti kila mgonjwa angekuwa na mtu kama mimi.

Miezi miwili nilimpa dawa hiyo bila kukosa hata siku moja. Kisha asubuhi moja nikasikia kishindo bafuni, nikamkuta baba sakafuni, juu ya jicho pamepasuka, damu imeingia mpaka masikioni. Tulipofika chumba cha dharura nilianza kumweleza muuguzi kila kitu, akanisikiliza kidogo, akaniambia, "Dada, nenda kwanza ukajaze fomu pale nje." Niliporudi baba alikuwa ameshonwa nyuzi saba na muuguzi alikuwa anajua kila kitu. Ilikuwa kizunguzungu. Kila akisimama dunia ilikuwa inamzunguka, tangu alipoongezewa vidonge vya presha. Walimpima amelala, wakampima amesimama, presha ikawa inaporomoka, vidonge vikapunguzwa siku ileile.

Niliumia, mshauri, usidhani mimi ni jiwe. Nilimwomba baba msamaha palepale, na kabla hajajibu nikamwambia najua umeshanisamehe.

Wiki mbili baadaye niko kwenye semina ya jinsi ya kuwasikiliza wagonjwa, baba akamwomba jirani yetu, yule mama mshonaji, ampeleke hospitali kwa teksi. Alikwenda moja kwa moja kwenye dawati langu. Mwenzangu, ambaye tunamwita Bwana Muhuri kwa sababu hakuna karatasi inayompita bila kugongwa, alimpokea kwa heshima zote, akampa fomu ya malalamiko, fomu niliyoitunga mimi, baba akaijaza kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa kubwa zinazopanda na kushuka. Nimeisoma mara nyingi mpaka nimeihifadhi kichwani. Penye jina la mlalamikiwa ameandika jina langu. Penye uhusiano ameandika "Binti yangu. Nampenda." Penye maelezo ameandika "Nilisema kizunguzungu. Akasema kiungulia. Nikaanguka." Na penye hatua unazotaka zichukuliwe ameandika "Asifukuzwe. Anyamaze."

Bwana Muhuri akaipiga muhuri.

Shauri litasikilizwa Alhamisi ya mwisho wa mwezi mbele ya kamati, na mwenyekiti wa kamati ni mwalimu mstaafu asiyeona, mama ambaye hata ukigeuza karatasi polepole anakuuliza unaficha nini. Tuzo inatolewa Jumamosi yake. Nimejaribu kuzungumza na baba kwa upole, nikamwambia, "Baba, unataka kuyafuta, siyo?" Akasema "Si... si..." nikasema, "Si kitu! Ahsante baba," nikakimbia kuandika barua ya kufuta malalamiko, nikaleta na kidau cha wino ili aweke alama ya kidole. Alikitazama kidau, akalikunja dole gumba ndani ya ngumi, akageukia ukutani. Tangu siku hiyo akiniona anafunga mdomo.

Nisaidie. Nifanye nini ili baba aelewe kwamba ninamtetea, na afute malalamiko haya kabla ya Alhamisi?

Ni mimi,
Mtetezi Niliyeshtakiwa


JIBU

Mtetezi Uliyeshtakiwa,

Pole. Naanza na pole kwa sababu nimemuuguza mama mkwe wangu miaka minne na najua jinsi mgongo unavyouma baada ya kumwinua mtu mzima, na jinsi unavyoweza kumpenda mtu na wakati huohuo kutamani amalize sentensi yake leo. Hiyo ndiyo pole yako. Ipokee uishike vizuri, kwa sababu hakuna nyingine.

Umeniuliza ufanye nini ili baba yako aelewe. Mwanangu, mzee ameelewa kitambo. Aliyeandika sentensi tatu kwa mkono usio wake akamaliza kisa chote ni yeye. Wewe umeniandikia kurasa nne na bado unauliza.

Chini ya barua uliweka namba ya simu, nikapiga Jumanne. Nikasema naomba kuzungumza na baba. Ukasema, "Niambie tu mimi, nitamfikishia." Nyuma yako nikamsikia mzee akisema "Ni... ni..." nawe ukaniambia, "Anasema nikusalimie." Nikaaga nikakata.

Jumatano, ukiwa kazini, nikatafuta namba ya yule mama mshonaji mpaka nikaipata, nikampigia. Akaenda kwenu akamshikia mzee simu sikioni. Tulizungumza dakika ishirini, na katika hizo labda sita ndizo zilizokuwa na maneno. Nyingine nilikaa kimya, naye akatafuta maneno yake. Haikuniua. Mwishoni nikamuuliza kama naweza kuyaandika hapa. Akafikiri, akasema, "Chapa."

Basi nachapa. Hafuti malalamiko. Hakutaka kukuaibisha, alikwenda kwenye dawati kwa sababu nyumbani hakupata nafasi. Anasema alijaribu kukuambia kuhusu kizunguzungu wakati wa chai, ukamwongezea sukari. Alijaribu akiogeshwa, ukamwambia maji siyo baridi. Mara ya tatu aliandika neno hilo kwenye karatasi kwa mkono wa kushoto, jasho likimtoka, akakupa. Ukampigia makofi kwa jinsi mwandiko unavyoendelea vizuri, ukaibandika kwenye friji. Kabla hujafika mwisho wa jibu hili nenda jikoni ukaisome.

Umerudi? Haya.

Ile barua ya kufuta malalamiko ichane vipande vipande. Kutaka kumshikisha wino mgonjwa kwenye karatasi aliyoikataa kuna jina lake, na naamini hapo dawatini kwako kuna kipeperushi kinachoeleza, pengine umekiandika wewe.

Alhamisi usiende kama ofisa. Kaa kwenye kiti cha mlalamikiwa. Nimemuuliza mtu wa kamati yenu, nikaambiwa mlalamikaji hupewa dakika tatu, na kanuni hiyo, nisikufiche, iliandikwa na wewe. Mwandikie mwenyekiti leo hii aiondoe kwa kila mtu ambaye ulimi wake unahitaji muda zaidi. Mzee akianza kusema, weka mikono mapajani, fumba mdomo. Akisimama kutafuta neno, lisikujie wewe. Akimaliza, sema "Ni kweli, nilifanya hivyo," kisha nyamaza tena. Usieleze ulivyokuwa na haraka. Kila mtu ukumbini ana haraka.

Wenye tuzo waambie mwenyewe kuhusu shauri hili kabla hawajalisikia kwa Bwana Muhuri. Wakikupa hata hivyo, ivae fulana. Kazi ulizofanya ni kubwa na hakuna anayezifuta, watu wanapita kwenye ile njia ya magurudumu kila siku. Ila usimpandishe baba yako jukwaani kama ushahidi wako. Kama atataka kuja, atasema.

Siku ya kliniki muulize asubuhi, mkiwa bado nyumbani, kama anataka uingie naye kwa daktari. Subiri jibu lake lote, mpaka mwisho. Akisema ndiyo, kaa nyuma yake, siyo katikati yake na daktari. Mwache aende na karatasi yake na kalamu. Mwombe daktari amwelekeze kwa mtaalamu wa kufundisha usemi. Miaka mitatu imepita na katika barua yako yote sikuona kwamba umewahi kuulizia, ingawa kwa wagonjwa wa watu wengine najua ungeshavunja mlango.

Kaka yako mwandikie hivi, neno kwa neno: "Njoo wikendi mbili kila mwezi umwogeshe baba." Akikujibu kwa ujumbe wa sauti usiusikilize. Akifika mpe dodoki na taulo, wewe toka nyumbani.

Kuna jambo moja zaidi, nalo linatoka kwa mzee. Tulipokuwa tunaagana alinizuia. Alisema, kwa muda wake mwenyewe, kwamba ukipanda ngazi siku hizi anakusikia unasimama katikati. Kwamba jioni viatu vinaacha alama miguuni. Kwamba tangu yeye augue hujapimwa hata mara moja, na presha kwenu ni ya ukoo, ilimchukua mama yako. Dakika mbili nzima zilimwishia kwenye neno "mama". Nilimngoja.

Hukuliandika hilo kwenye barua. Pengine hukuliona, ulikuwa unamsemea yeye.

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, kabla hujafungua dawati lako, nenda ukapimwe. Usipitie mlango wa wafanyakazi. Chukua namba ya foleni, kaa kwenye benchi na wengine, ngoja uitwe.