Plasta kwenye Mkono wa Hanus

Skarðsvík, Jumatano, baada ya chakula cha mchana

Kwako dada yangu Marjun,

Salamu nyingi zikufikie huko Esbjerg, Denmark, pamoja na nguvu za kuzisoma, maana mwandiko wangu naujua, unafanana na nyayo za kuku. Hujambo? Na lile goti? Mimi sijambo, tena sijambo kwelikweli. Nina miaka themanini na mmoja, na juzi nimepanda mpaka malisho ya juu bila kupumzika hata mara moja. Mtoto wa jirani yetu Dánjal, mwenye miaka arobaini tu, alikuwa nyuma yangu anahema kama mbwa.

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara nne, mara mbili kwa sababu ya macho na mara mbili kwa sababu ya moyo. Unasema wifi yako Sunnvá amekuandikia kwamba sindano ya mafua ndiyo iliyomuua mumewe, kaka yetu Hanus, mwaka jana. Unasema sasa hapo kwenye nyumba ya wazee wanataka kukuchoma hiyohiyo, nawe umewaambia wangoje mpaka Sámal aseme neno. Haya, Sámal atasema. Ila mtu anayeandika barua moja kwa mwaka hawezi kulirukia jambo, nipe nafasi nilizunguke kwanza.

Unazikumbuka siku za kuchinja kondoo, baba akiwa hai? Wewe ulikuwa unakoroga beseni la damu isigande, na mama anakugombeza usiangalie wavulana. Kazi ikiisha wanaume wanasimama duara, baba anatoka na chupa na ile glasi moja ndogo. Anamimina, mtu anameza mara moja, anarudisha, baba anapangusa ukingo kwa dole gumba, anammiminia wa pili. Wanaume ishirini, glasi moja. Mtu akitaka yake peke yake anaulizwa amefika lini kutoka Denmark. Mgongo ulipomshinda baba alinipa mimi ile glasi, hakumpa Hanus aliyekuwa mkubwa, kwa sababu mkono wangu haumwagi. Miaka hamsini na saba sikumwaga hata tone, waulize. Hanus hakunionea wivu. Kila mwaka alikuwa anasimama wa mwisho kwenye duara makusudi, ili lile tone la mwisho tuligawane mimi na yeye. Siku zile nilidhani mambo yatakuwa hivyo siku zote.

Sasa mwaka jana, wiki tatu kabla ya machinjo, nesi Elspa, mjukuu wa fundi mashua, alipanga meza ukumbini na kijiji kizima kikaitwa kuchanjwa. Alieleza kwamba sindano haimfanyi mtu augue mafua, mkono tu unaweza kuuma siku moja mbili. Akasema haimzuii kila mtu kuugua, lakini inawaepusha wazee wengi na kitanda cha hospitali. Akasema pia mwenye homa akae nyumbani na asile wala kunywa na wenzake chombo kimoja. Mimi nilikwenda kucheka tu. Nikasimama mlangoni nikawaambia wamejipanga vizuri kama kondoo. Elspa hakuinua hata kichwa, akasema, “Kondoo wako unawachoma wote, mzee Sámal. Kwenye kundi lile umebaki wewe tu, dume lisilokamatika.” Ukumbi mzima ukanicheka. Unanijua, mimi huwa sichekwi. Hanus alikuwa wa tatu kwenye foleni, ameshakunja mkono wa shati. Hapo niache kidogo, nitaparudia.

Machinjo yakafika, nikazunguka na glasi kama kawaida. Siku ya tatu Hanus akashikwa na homa, mgongo unamuuma, kifua kinakoroma. Wengine wanne kwenye duara waliugua pia lakini wakainuka, kwa kuwa walichanjwa au kwa kuwa ni vijana, sijui. Hanus alipelekwa hospitali ya mjini na hakurudi. Siku kumi na moja, Marjun. Nilikaa naye mpaka mwisho, na Sunnvá bado ananishukuru kwa hilo. Kila Jumapili ananiletea supu, ananiita shemeji yake wa dhahabu, na mimi nainywa.

Akaanza kusema kwamba Hanus alichanjwa na bado akafa, kwa hiyo ni sindano. Ameyasema kanisani, ameyasema dukani, na amekuandikia wewe. Elspa anayo orodha yake lakini haruhusiwi kutoa habari za mgonjwa. Kesho ndiyo siku ya chanjo ya mwaka huu, na nusu ya wazee wa hapa wameapa hawatakanyaga ukumbini. Sunnvá mwenyewe ndiye wa kwanza, na kifua chake unakijua tangu utoto.

Sasa nimefika. Hanus hakuchomwa sindano. Nilipochekwa pale mlangoni nilitafuta mtu wa kumtupia aibu yangu, nikamwuliza Hanus kwa sauti kama ni Sunnvá aliyemvalisha asubuhi ile. Watu wakacheka, safari hii upande wangu. Hanus akashusha mkono wa shati, akatoka. Tukaenda kwenye banda la mashua, na akaanza kuogopa atamwambia nini mkewe. Nikatoa plasta kwenye sanduku la ndoana nikambandika begani. Tulicheka mpaka tukashika mbavu, wazee wawili, kama siku ile tulipomwambia mama tumetoka kanisani na viatu vimejaa mchanga. Sunnvá aliiona ile plasta, akampikia Hanus chapati za maziwa, na waliomwona akitoka ukumbini wakaamini alirudi baadaye.

Na kuna la pili. Asubuhi ya machinjo niliamka natetemeka, koo linawaka. Niliwaambia watu ni vumbi la sufu. Sikutaka mtu mwingine aishike glasi ya baba hata mwaka mmoja. Hanus alikunywa wa mwisho, baada yangu, kama kawaida yetu.

Usiniandikie kwamba huenda aliyapata mafua kwingine. Elspa naye aliniambia hivyo nilipokwenda kwake wiki iliyopita, kwamba hakuna anayeweza kujua kwa hakika. Mimi najua nilichofanya. Nilimwomba awaambie watu, akasema hilo si lake la kusema, ni langu.

Kwa hiyo neno langu ndilo hili, mwambie nesi wako akuchome. Mimi nitachomwa kesho. Ukumbi unafunguliwa saa nne. Saa tatu nitakuwa mlangoni kwa Sunnvá. Nimekuandikia wewe kwanza ili nijifunze jinsi ya kuyasema, maana kwa miezi yote hii kila nikianza yalikuwa yanageuka habari ya kondoo. Akinifungia mlango nitayasema nikiwa nje, ana masikio mazuri. Supu najua imekwisha. Lakini kama atatoka hapo na kwenda ukumbini, hata kama hatanisemesha njia nzima, nitatembea nyuma yake.

Wasalimie wote wa nyumba hiyo, hata yule mzee wa Jutland unayesema anajisifu kuliko mimi, ingawa hilo siliamini. Lifunike goti vizuri, baridi imeanza. Na ukiwa na hasira na mimi iandike, nitaisoma mara nne.

Ni mimi kaka yako,
Sámal