Hadithi Iliyosimama Kivukoni

Katuba, Lubumbashi

Mama yangu mpendwa,

Kwa muda mrefu nimejiuliza: hadithi ikishasimuliwa ni ya nani, ya msimulizi au ya aliyeipokea? Nilidhani chuo kikuu kilinipa jibu. Lakini kwanza nikuamkie. Goti lako linaendeleaje tangu baridi ianze? Mimi nakula, nakwenda kazini, narudi. Zaidi ya hapo sihisi mengi.

Unakumbuka nilivyokuja huko kijijini Lukafu na kinasa sauti, kumrekodi dada yako, Mama Mukubwa, kwa ajili ya kitabu cha shule. Alipoanza ile hadithi ya mwanamke aliyebeba mto ndani ya kibuyu, ninyi nyote mliitika "Tuko!" kila alipotua, kama ilivyo desturi. Nami nikawaomba mnyamaze ili sauti yake itoke safi. Wewe nilikuwekea kidole mdomoni.

"Sasa niko naongea na nani?" aliuliza. "Na ile kisanduku? Haina hata meno ya kuchekea!"

Tulicheka. Akaendelea hadi mwanamke alipofika kivukoni, akanyamaza, kisha akasema amechoka. Nilimwamini.

Huku mjini mkuu wangu wa kazi alisifu usafi wa sauti. "Malizia wewe," alisema. "Si uko mutoto wa kule?" Nikamalizia. Niliandika vizuri; ningeandika vibaya, labda nisingesumbuka hivi.

Juma lililopita binamu yangu alifika na ujumbe wa Mama Mukubwa: "Ambia ule mutoto, hadisi haikuisha. Nilisimama pale kumungojea aitike."

Sikulia. Nilipanga sahani kabatini, nikaisikiliza tena rekodi. Baada ya kufika kivukoni, kabla hajasema amechoka, wanasikika kuku, kisha mtu anavuta pumzi kama anayetaka kusema, anaacha. Ni wewe, Mama.

Nimeuondoa mwisho wangu. Mkuu anasema watoto hawapewi hadithi isiyo na mwisho. Nisipoleta mwingine kabla ya Jumatatu, kitabu kitachapwa bila hadithi hiyo. Huenda ni sawa. Ningeweza kuja, nikae mkekani bila mashine, niitike. Lakini sijui kama nitakuwa nimekuja kuitika, au kuchukua mwisho kwa adabu zaidi. Siwezi kulijua hilo nikiwa hapa, kwa kuwa anayeweza kunipima ni Mama Mukubwa, yule yule niliyemnyima mwitikio.

Nisalimie Baba Mudogo, mfuga nyuki wetu, na mke wa kaka anayekutekea maji. Mama Mukubwa usimpe salamu zangu bado. Mwambie tu: "Tuko."

Mwanao,
Ngosa