Niliposoma Andiko Ikombe

Mjukuu wangu Atupele,

Ugonile? Hapa Ngonga tumeamka salama, tunavuna mpunga, na babu yako bado anagombana na goti lake.

Unaniuliza ufanye nini, maana mkuu wako anataka andiko la mradi liseme watu hawana chochote, ili wafadhili waguswe.

Nami nikiwa kijana niliandika hivyo hivyo, katika shirika la misaada pale Kyela. Niliandika kwamba wanawake wa Ikombe hawana ujuzi, wafundishwe kufinyanga kwa mashine. Ikombe kwenyewe sikuwa nimefika. Kabla ya kulituma nikapanda mtumbwi, nikawasomea huku wanalainisha vyungu kwa mikono. Mama mmoja mzee alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Mwanangu, hao maskini wanaishi wapi? Tuwapelekee vyungu."

Hakuwa anatania. Ilibidi nimwambie kwamba ni wao.

Akasema, "Kufinyanga tunajua. Vyungu vinavunjika mtumbwini tukivipeleka sokoni. Andika mashua."

Nikaandika mashua. Mkuu wangu alisema halitapita, na kweli halikupita. Mwaka uliofuata nikaandika mashua ile ile, likakataliwa. Nikaandika tena.

Kwa hiyo la kwako nenda kawasomee wenyewe kwanza, uone utaishia aya ya ngapi.

Chungu ninachopikia maharage mpaka leo kilishuka kwenye mashua ile, safari yake ya kwanza. Hakina ufa.

Bibi yako