Hasi Tisa

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu, na pole kwa kazi. Natumaini mgongo umekuachia upumue kidogo, na shemeji bado anakoroma kwa afya njema. Sisi hapa tunasukuma siku. Paa la jikoni linavuja palepale, nami nimeota kitambi. Wifi yako anasema ndicho kitu pekee nilichokikamilisha mwaka huu.

Kilichonikalisha chini ni habari za Mzee wetu. Nilikuandikia kwamba bado ananifunga sataranji kila Jumamosi na akili yake ni wembe. Ukajibu kwamba basi likizo ya kuja kumwona utaiahirisha hadi mwakani. Shahidi wangu alikuwa kompyuta. Nikirudi nyumbani huiingizia mchezo wetu hatua kwa hatua, nayo hutoa alama za nani yuko mbele, na kwa kiasi gani. Askari ni kama alama moja, malkia kama tisa.

Mzee hucheza na kete nyeupe. Nyeusi, anasema, ni za watoto. Basi kila nikitazama naona hasi tatu, hasi tano, na siku moja hasi tisa. Nikasema loh, niko nyuma kwa tisa, leo nimekaangwa! Siku hiyo alikuwa amemwacha malkia wake wazi mbele ya farasi wangu. Sikumgusa. Si unajua tulivyolelewa: kete ya bure ina ndoano ndani. Nilipoiona ile hasi tisa nikajipongeza, kumbe hata kompyuta imeuona mtego.

Juzi nikajigamba kwenye chumba cha walimu kwamba baba yangu ananichapa kwa tisa. Mwalimu wa fizikia, yule tunayemwita Volti, akaomba kuona. Akauliza nani alicheza nyeusi. Nikasema mimi. Akavuta kiti akaketi, na Volti si mtu wa kuketi. Kisha akanieleza polepole, kama anayezungumza na mfiwa, kwamba chanya maana yake mweupe yuko mbele, na hasi ni mweusi, hata atazame nani. Aliyekuwa mbele ni mimi. Na alama zikiruka ghafla vile, hapo hakuna mtego. Mtu amekosea.

Miaka yote hii nafundisha hasi na chanya, dada. Cheka, nimekuruhusu.

Nikairudia michezo yote. Makosa yalianza madogo, yakawa yanakua. Mzee alikuwa akiporomoka mbele ya macho yangu, na akinishinda kwa sababu tu niliogopa kuchukua alichokisahau.

Jumamosi nikaenda. Aliniuliza tena na tena kama zamu ni yake. Halafu akamwacha malkia wazi. Mkono wangu ukaenda, ukarudi. Nikasogeza askari wa pembeni. Akacheka hadi akakohoa, akasema mimi mwoga tangu nizaliwe. Kisha, akizipanga kete upya, akaniuliza kwa adabu, kama anavyoulizwa mgeni, iwapo nimewahi kukutana na binti yake. Huyo, akasema, ndiye pekee aliyethubutu kumla malkia.

Nikajibu kwamba namfahamu.

Dada, nilikudanganya bila kujua. Usingoje mwakani. Njoo ungali unakumbukwa.

Wasalimie wote hapo kwako. Wifi yako anakusalimu sana, na godoro lako ameshalianika juani.

Ni mimi mdogo wako,
Mwalimu wa Hesabu