Mkungu wa Vichane Kumi na Vitatu

Nyamache,
Jumapili, 9 Novemba 2025.

Kwako Baba mpendwa,

Pokea salamu za nyumbani: zangu mimi, za michai yako, na za jirani yetu Mokua, ambaye kila asubuhi huniuliza kama nyonga yako imekubali kutembea bila mkongojo. Kaka Duncan ameniarifu kwamba sasa unafika langoni na kurudi peke yako, na kwamba unamsumbua mkewe Linda kwa kukataa kuketi. Nilifurahi mno. Ukianza kusumbua watu, basi umepona. Mimi ni mzima, isipokuwa viganja, ambavyo vimekuwa vigumu kama vyako.

Najua umeshangaa kuletewa barua wakati simu ipo. Duncan huiweka simu kwenye spika, na nyumba nzima ya Nakuru hunisikia. Isitoshe, ni wewe uliyetufundisha Kiswahili darasani na mezani, ukatuambia kwamba neno zito huandikwa. Hili ni zito. Juzi ulisema kwamba ukirudi Desemba ule mkungu wa ndizi niliokutumia picha yake utapelekwa kanisani Sabato ya shukrani, nami nisimame niwaeleze washiriki jinsi ninavyotengeneza mbolea. Kabla sijasimama kuna jambo ni lazima ulijue. Lakini kwanza niruhusu nijisifu, maana nimejitahidi.

Unakumbuka ulivyoliacha shamba la migomba ulipoondoka kwenda kutibiwa mwaka jana. Mikungu ilikuwa ya vichane vitano, sita ikibahatika. Ulisema udongo umechoka, ukaniagiza ning'oe migomba yote nipande nyasi za ng'ombe. Sikukubishia, ila sikung'oa hata mmoja. Nilianza kuleta magunia ya makapi ya matunda kutoka Kenyenya kwa Emily, yule Mkatoliki niliyesoma naye: maganda ya mananasi, nyama na mbegu za mapasheni, ndizi mbivu zilizokwisha kukamuliwa. Nilikuambia kwamba Emily anatengeneza juisi.

Mwanzoni niliharibu. Nilimwaga makapi mabichi moja kwa moja kwenye mashina, nikidhani nimemaliza kazi. Nzi wakajaa, uchachu ukaunguza mizizi, na migomba miwili ya karibu na kisima ikageuka manjano. Nilikaa chini nikalia, sikufichi. Kisha nikachimba shimo nyuma ya zizi. Nikapanga makapi, juu yake majani makavu ya migomba, kisha samadi, jivu la jikoni, na vijiti vya chai tuliyopogoa, nikaanza upya hadi shimo likajaa. Kila Jumatano nililigeuza kwa uma, mvua au jua. Baada ya miezi mitatu nikaingiza mkono nikatoa kitu cheusi, laini, kinachonuka kama udongo uliopata mvua ya kwanza. Mbegu za mapasheni tu ndizo zilikataa kuoza. Zimeota kila mahali, nami nimezihamishia kwenye ua, kwa hiyo usishangae ukikuta mapasheni yananing'inia pale ulipokuwa na waya mtupu.

Na sasa mkungu wenyewe. Picha niliyokutumia haikuutendea haki. Una vichane kumi na vitatu, Baba! Nimevihesabu hadi Mokua akanicheka. Nimeuegemeza kwa ule mti wa panda uliouchonga mwenyewe, na bado mgomba unalalamika kwa uzito. Bwana Anyona, afisa wa kilimo, alikuja kuuona. Alichota udongo, akaunusa, akauliza ni nani aliyenifundisha. Nilimwambia nimefundishwa na migomba miwili niliyoiua. Wanawake wa Dorkasi wa kanisani nao walikuja na majembe yao, na leo kuna mashimo tisa kama langu katika kijiji hiki. Nilipoyahesabu yale mashimo, nilijivuna kuliko siku niliyopata kazi mjini.

Basi, jambo lenyewe ndilo hili. Emily hatengenezi juisi. Anatengeneza mvinyo. Na hatengenezi peke yake. Tuko wawili tangu siku ya kwanza, mimi na yeye, nusu kwa nusu. Matunda nachagua mimi, ukamuaji ni wangu, na mimi ndiye nijuaye siku ambayo mapipa yametulia, povu limekwisha. Leseni tunayo, kwa hiyo usihofu kuona askari mlangoni. Utataka kujua kama ninakunywa. Huonja, maana bila kuonja huwezi kujua kama mvinyo umekomaa, na kusema kweli sitemi.

Lipo na lingine. Unamkumbuka ng'ombe wa Mokua aliyeanguka mwezi wa nne, akalala kutwa nzima bila kuinuka, hadi wazee wa kanisa wakaitwa kumwombea? Ulinitumia ujumbe kwamba na wewe umefunga chakula kwa ajili yake. Baba, yule ng'ombe alikuwa amelewa. Alikata kamba, akavamia gunia la makapi yaliyochacha nililoliacha wazi. Wazee walipiga magoti, wakaomba kwa machozi, nami nikasimama nyuma yao nikisema amina huku nikijua wazi nini kinamsumbua. Alipoinuka jioni waliimba. Mokua hadi leo husimulia habari ile kama ushuhuda. Nimeona haya kwa ajili ya siku ile kuliko kwa ajili ya mapipa yote.

Kwa sababu mapipa, Baba, siyaonei haya. Tulipokuwa tukichapisha karatasi za kubandika kwenye chupa, Emily alinishauri tuweke ua la pasheni peke yake, bila majina, ili kanisa lisijue. Nilikumbuka madaftari yetu ya darasa la nne. Lisilo na jina hukulisahihisha. Ulilisukuma pembeni ukasema kwamba asiyeandika jina lake kwenye kazi yake anaikana. Nikamwambia Emily aandike lake, na mimi nikaandika langu, pamoja na la kwako.

Sasa uamuzi ni wako. Ukisema nikae, nitakaa, na mkungu tutaula hapa nyumbani na majirani. Ukisema nisimame, nitasimama nieleze yote, nikianza na kumwomba Mokua radhi. Kusimama nikasema ni juisi, siwezi tena. Mkungu siukati hadi nipate jibu lako.

Nisalimie Duncan na Linda, na uwaambie kwamba mkeka wako bado uko mahali pake barazani. Kanyaga polepole ngazini. Najua umesoma barua hii na kalamu nyekundu mkononi. Sahihisha yote unayoona hayafai, utie alama, kisha uirudishe. Jina, kama kawaida, nimeandika.

Ni mimi binti yako,
Tryphosa Okemwa,
kama lilivyo kwenye chupa.